Chumba Chenye Mlango Mmoja

Mama alipoulizwa angependa kulala wapi, alijibu kwamba popote panamfaa, wasijisumbue kwa ajili yake. Wifi yangu Rosanne akamwamini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa kwa wiki kadhaa hakuna aliyejua kwamba yameharibika isipokuwa Mama mwenyewe, na baadaye mimi.

Huku kwetu, magharibi ya Minnesota, jibu la kwanza si jibu. Ukimkaribisha mtu kahawa atasema hapana, asante, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha tena atasema usihangaike. Ukimkaribisha mara ya tatu atasema haya basi, kidogo tu, kama imeshachemka, kisha atakaa mpaka birika liishe. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi. Anayekaribisha mara moja tu tunajua hakutaka tukae. Hakuna anayetufundisha haya, tunakua tu tukijikuta tunayajua. Rosanne alizaliwa New Jersey, kwenye familia ya Kitaliano ambako anayetaka nyama anasema nataka nyama, asiyetaka anasema sitaki, na wote wanasema kwa wakati mmoja. Ameolewa na kaka yangu Curt miaka kumi na tatu sasa, na bado anaamini kwamba mtu akisema hapana basi ni hapana. Nampenda kwa hilo, na linanichosha pia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kusherehekea ndoa ya Mama na Baba, iliyokuwa inatimiza miaka hamsini. Wazo lilikuwa la Curt: twende sote Florida, kwenye ile bustani kubwa ya michezo yenye fisi maji wa katuni anayevaa ovaroli, likizo ya shule ya mwezi wa Machi. Watu saba, yaani wazee wawili, Curt na mkewe, watoto wao Tessa na Milo, na mimi Marit, shangazi asiye na mume wala mbwa. Curt alitoa wazo, akapongezwa, halafu kazi yote akamwachia mkewe. Ndivyo alivyo tangu utoto.

Basi Rosanne akaanza kutafuta hoteli. Kila Jumapili baada ya ibada alitupigia simu ya video kutoka Minneapolis, sisi tukiwa tumejipanga kwenye meza ya jikoni kwa Mama kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Aliuliza maswali ya maana. Kutoka hotelini mpaka getini tutatembea au tutapanda basi? Basi linapokea kiti cha magurudumu, ikibidi? Tunataka friji chumbani? Tunataka kifungua kinywa na fisi maji, au Baba hatapenda kukumbatiwa na mnyama kabla ya kahawa? Curt alisema yoyote ni sawa. Mimi nilisema hata kwenye kochi nitalala. Baba alisema hoteli ni hoteli. Ni watoto tu, waliochukua damu ya mama yao, waliosema wanachotaka. Tessa alitaka bwawa lenye mtelezo, na Milo alitaka hoteli anayolala fisi maji mwenyewe.

Mwisho zikabaki mbili. Ya kwanza, Hoteli ya Magogo, ilikuwa ndani ya bustani, imejengwa kwa mfano wa kibanda cha wakata miti ingawa magogo yake ni ya saruji. Hapo tungepata chumba kimoja kikubwa cha familia, chenye jiko dogo, vyumba vya ndani viwili, vitanda vya ghorofa na makochi ya kulalia, na mlango mmoja tu wa kutokea. Ya pili, Hoteli ya Ziwani, ilikuwa ya kifahari zaidi. Humo sisi wenye kelele tungekaa jengo kuu karibu na mtelezo, na wazee wangekaa jengo la watu wazima pekee, ng'ambo ya daraja la mbao, juu ya ziwa lililochimbwa kwa ajili ya kupendeza. Kila chumba huko kilikuwa cha watu wawili, na kibaraza chake kilishuka moja kwa moja mpaka majini.

Rosanne akauliza, "Mama, mnataka tukae wote kwenye kile kikubwa, au wewe na Baba mpate chumba chenu cha utulivu?"

"Jamani, sisi popote tu," Mama akasema. "Tutawabana bure nyie na watoto."

"Sawa, nimekuelewa," akasema Rosanne, akatabasamu, akaendelea na habari ya ndege.

Alikuwa amefurahi kweli. Kwa akili yake aliwapa wazee heshima kubwa kuliko zote: miaka hamsini ya ndoa, kibaraza juu ya maji, hakuna mtoto wa kuwaamsha. Siku hiyohiyo akashika nafasi Hoteli ya Ziwani. Mama alipoambiwa alisema ni vizuri sana, akasimama kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilimfuata. Kwa kawaida nisingemfuata, maana kwetu mtu akigeuka kuelekea sinki anaachwa na sinki lake. Lakini tangu majira ya baridi yaliyopita nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ulikuwa juu ya Baba.

Baba alikuwa meneja wa ghala la nafaka la ushirika maisha yake yote ya kazi. Alijua kila mkulima wa wilaya, lori lake na mahindi yake yana unyevu kiasi gani. Kisha akaanza kuweka funguo kwenye friji. Kisha akawa ananiita kwa jina la dada yake, jambo ambalo wazee wengi hufanya, nikajiambia si kitu. Mama alikuwa ametundika kengele ndogo za Krismasi kwenye mlango wa nyuma, na ilipofika Pasaka zilikuwa bado hapo, na Julai pia. Nilidhani amesahau kuzitoa.

Habari kamili niliipata kwa jirani yetu Lowell Stenerson, dukani, mbele ya mayai. Alinisogelea akaangalia viatu vyangu. Februari, mchana baada ya chakula, alikuwa anaondoa theluji mbele ya gereji yake, akamwona Baba anapita barabarani kuelekea ziwani amevaa pajama na ndara. Walikuwa majirani kwa miaka thelathini.

"Nikamwambia leo kuna kibaridi," Lowell alisema. "Akaniambia kidogo. Basi nikampisha. Sikutaka kuingilia mambo ya mtu."

Aliyemsimamisha Baba ni dereva wa lori la gesi, mtu wa mji mwingine asiyemjua kabisa, ambaye alishusha kioo akamuuliza anakwenda wapi. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshakuwa vya buluu. Sisi tuliambiwa aliteleza akichukua barua. Nilitoka dukani bila mayai, nina hasira na Lowell, na hasira ile sikuweza kuitumia popote, kwa sababu ningekuwa mimi nimeshika koleo lile la theluji, huenda na mimi ningesema kuna kibaridi.

Kwa hiyo siku ile kwenye sinki nilimwambia Mama kwamba najua. Hakugeuka. Aliendelea kusugua sahani.

"Hapa nyumbani najua kila ubao unaolia," akasema. "Nina kengele. Huko kuna daraja, kuna maji mlangoni. Nikisinzia je, Marit?"

Nikamwambia nitalala nao mimi. Akanikumbusha kwamba vyumba vya jengo lile ni vya watu wawili. Nikamwambia basi amweleze Rosanne kwamba anataka kile chumba kikubwa, tulale wote pamoja.

"Hakuniuliza tena," akasema Mama.

Nikamwambia nitamweleza mimi. Hapo akageuka, mikono inachuruzika maji, akanikatalia kwa ukali ambao sijauona kwake tangu nilipoendesha gari lake mpaka shambani kwa watu. Baba hajui kwamba yeye, Mama, anajua yamefika wapi, alisema. Baba anadhani ni mambo madogomadogo, na anadhani ameyaficha vizuri. Akisikia kwamba watoto na wakwe wamekaa kikao juu yake, aibu itammaliza kabla ya ugonjwa. Akaniapisha nisimwambie mtu, si Curt wala mkewe. Niliapa. Niliona ni upuuzi na niliapa, maana alikuwa Mama.

Lakini hakuniapisha nisiseme habari za kahawa. Kesho yake nilimpigia Rosanne nikamwambia amuulize Mama tena juu ya chumba.

"Si alishajibu?"

"Muulize mara mbili zaidi, wifi."

"Kwani masikio yana shida?"

Nikamweleza. Mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni adabu, mara ya tatu ndiyo jibu.

"Kwa hiyo miaka kumi na tatu nimekuwa nikimnyima mama yako kahawa nyumbani kwangu?"

"Na keki."

"Na nyie wote mnaona tu. Haya, wewe unajua anachotaka. Niambie, tumalize."

"Siwezi, nimeahidi."

"Nyie watu mtazikwa na maji mdomoni," akasema, na hakuwa anatania sana.

Hata hivyo alikubali. Hakutaka kuuliza kwa simu, alitaka kumwona Mama usoni, na Sikukuu ya Shukrani ya Novemba ilikuwa imekaribia. Kule Magogo kilikuwa kimebaki chumba kimoja cha familia kwa wiki ile ya Machi. Aliwabembeleza watu wa mapokezi wakamshikia mpaka jioni ya sikukuu. Baada ya hapo wangempa mwingine, na sisi tungebaki na daraja letu na ziwa letu.

Walifika na theluji. Siku hiyo Baba alikuwa kama zamani. Alimkata bata mzinga mwenyewe, vipande vyembamba vilivyolingana, akamtania Rosanne kwamba huko kwao wanakula bata mzinga na tambi, na Rosanne akajibu kwamba ndiyo, na huwa anaiva. Milo alimweleza fisi maji yule ana marafiki wangapi na majina yao. Baba alisikiliza yote. Nilimtazama Mama akimtazama Baba, nikaona jinsi siku nzuri kama ile inavyomfunga mdomo. Ungesemaje jambo lile mbele ya mtu anayekata nyama vizuri hivyo?

Tulipofika kwenye vikeki, vile vya limau anavyooka Mama kwenye sinia, kilibaki kimoja. Curt akakikata nusu. Mimi nikaikata nusu ile nusu. Kikawa kinazidi kuwa kidogo bila mtu kukimaliza, mpaka Rosanne akanyoosha mkono akabeba vyote vilivyobaki, kama anavyofanya kila mwaka, na kama kila mwaka tukashukuru kimoyomoyo kwamba yupo. Akafuta vidole. Akamgeukia Mama.

"Mama, nataka kukuuliza tena juu ya chumba. Mngependa tukae wote pamoja?"

"Hapana, mwanangu. Umeshahangaika vya kutosha."

"Si kuhangaika, nafasi bado ipo. Mngependa?"

"Tutawabana. Baba yenu anakoroma."

Curt aliweka uma chini. Akamwambia mkewe amwache Mama, ameshasema hataki, mbona anamsukuma. Curt ni mtu wa hapa kama mimi na alitakiwa kujua kuhesabu, lakini kuishi na Rosanne kumemharibu, siku hizi na yeye anasikia jibu la kwanza. Rosanne alinitupia jicho, nami nikaitikia kidogo kwa kichwa kwamba ndiyo, endelea. Nilikuwa na uhakika. Nilihisi furaha, ile furaha ya mtu anayeona mtego wake umekaa sawa.

"Mama," akasema Rosanne taratibu, "nakuuliza mara ya tatu. Ungependa tulale wote pamoja?"

Mama akafungua mdomo. Akamtazama Baba, ambaye alikuwa anakusanya makombo ya sukari kwa kidole. Mdomo ukajifunga, ukafunguka tena.

"Hapana," akasema. "Kule Ziwani panatufaa."

Sikuamini. Maisha yangu yote sijawahi kuona mtu wa kwetu akikataa mara ya tatu kitu anachokitaka. Rosanne alinitazama kuuliza sasa tunafanyaje, lakini baada ya tatu hakuna nne. Nne ni ugomvi. Alichukua simu yake ili awajulishe watu wa Magogo kwamba hatutaki, na mimi nilimwona Mama akikunja kitambaa cha meza kwenye pembe, akikikunjua, akikikunja. Nilimwonea huruma.

"Mbona mimi huniulizi?" akasema Baba.

Rosanne akaacha simu. Alisema samahani, alidhani Mama anajibu kwa niaba ya wote wawili.

"Anajibu kwa niaba yangu, ndiyo. Ana mwaka mzima anajibu kwa niaba yangu." Bado alikuwa anatazama makombo yake. "Niulize. Lakini niulize mara moja tu. Ukifika mara ya tatu nitakuwa nimeshasahau swali."

Tessa, ambaye ana umri wa kuelewa, alimshika mdogo wake mkono akampeleka sebuleni, akimwambia wakatazame gwaride la sikukuu kwenye televisheni, ingawa gwaride lilikuwa limekwisha zamani. Curt alimtazama Baba, kisha Mama, kisha mimi, nikaona uso wake unavyobadilika, na nikajua kwamba sasa hivi anahesabu funguo, majina na ule mguu.

"Baba, unataka chumba kipi?" akauliza Rosanne.

"Hicho chenye mlango mmoja."

"Harlan," akasema Mama, akimwita Baba kwa jina lake.

"Hulali, Ardis. Unadhani sikuoni? Unakaa kwenye kiti umevaa viatu." Alisema bila kuinua sauti, kama alivyokuwa akimwambia mkulima kwamba mahindi yake bado hayajakauka. "Ukienda na mimi peke yako kwenye hicho chumba cha majini, utarudi huku umechoka kuliko ulivyokwenda. Nami sitajua kwa nini."

Mama hakulia. Aliweka mkono mezani karibu na wa Baba, wala hakuushika, na kwa hao wawili hiyo ni hotuba ndefu. Rosanne peke yake ndiye aliyekuwa akilia, waziwazi, huku anaandika kwenye simu, na alipomaliza akasema tayari, Magogo ni yetu. Akauliza wazee walale chumba gani cha ndani, cha upande wa jiko au cha upande wa dirisha.

"Cha mbali na mlango," akasema Baba. "Na wewe Rosanne ulale kwenye kochi la mlangoni."

Curt alisogeza kiti chake. Akasema yeye ndiye mtoto wa kiume, na kochi ni gumu kwa mgongo wa Rosanne, hapo mlangoni atalala yeye.

Baba akamtazama mwanawe kwa upendo ambao hakuwa na haja ya kuuficha siku ile.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe utaniambia leo kuna joto, kisha utanipisha."